Mgeni au Mwenyeji

Juzi nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, hapa Soweto, Mbeya, mvua ya kwanza ikiwa imekatika muda si mrefu. Kwenye mparachichi wa jirani kitu kikalia, sauti ndogo ya vipande viwili, cha pili kikipanda juu kuliko cha kwanza, kama mtu anayeuliza jambo kwa woga. Nikasimama na shuka lililolowa mkononi, maji yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikamtafuta yule ndege kwenye majani, nikamwona mara moja tu, rangi ya kijani iliyochakaa ikichanganyika na njano, kisha akapotea. Mwanangu akaniuliza natazama nini. Nikamwambia sijui. Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika.

Ukweli ni kwamba yule ndege namjua na simjui. Nilimtazama kwa wiki nyingi nikiwa mtoto, nikaambiwa mambo mengi juu yake, na hadi leo nikiulizwa jina lake nitababaika. Lakini sauti ile ilinirudisha Kilolo, nilikokulia, moja kwa moja, kwenye harufu ya majani yaliyochomwa moto kisha yakanyeshewa, harufu ambayo kwangu mimi ndiyo harufu ya kungoja.

Nililelewa na bibi mzaa baba, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa mwisho wa kijiji, pale mashamba ya njegere yalipokomea na miti ya miwati ikaanza. Baba alifariki kabla sijaanza kutembea. Mama aliondoka nikiwa mdogo mno, na kila nilipouliza habari zake Bibi alinijibu maneno yale yale: "Mama yako yuko safari." Akishasema hivyo alitafuta kitu cha kushika mkononi, sufuria au ufagio, na mazungumzo yakaishia hapo. Sikuona ubaya wa jibu lile. Watu wengi wa kwetu walisafiri. Walikwenda kwenye mashamba ya chai, walikwenda kupasua mbao, walikaa huko hata mwaka, kisha siku moja unawaona wanapandisha kilima na godoro kichwani. Nilielewa kwamba safari ni kitu chenye kwenda na kurudi, hata kikichelewa.

Mimi naitwa Sekela. Ni jina la Kinyakyusa, la kwao mama, na pale kijijini kwa Wahehe hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Mama mwenyewe watu walimwita Mama Sekela, kwa hiyo nilijua kwamba ana jina langu, kama mimi nilivyokuwa na lake. Zaidi ya hapo nilikuwa na vitu vichache. Nilikumbuka mwanya kwenye meno ya juu. Nilikumbuka mtu akiimba kwa kuguna, bila maneno, huku akinibeba mgongoni, nami nikiisikia sauti kwa shavu kabla ya kuisikia kwa sikio. Na nilikumbuka kovu kwenye muundi wa mguu, kovu la moto, laini kuliko ngozi nyingine, ambalo nilipenda kulipapasa nikiwa nimekaa chini jikoni. Picha yake hatukuwa nayo.

Nilikuwa darasa la pili Dada Happiness alipokuja kupanga chumba chetu cha mbele. Alikuwa msichana wa chuo, mrefu, mwenye suruali na mabuti ya kamba, na darubini ilining'inia shingoni mwake muda wote, hata akila. Alishuka kwenye basi la Iringa na mizigo miwili, mmoja wa nguo na mwingine wa vitabu. Bibi alimpokea vizuri, akampa blanketi la ziada kwa sababu ya baridi, akamkaribisha chai. Kisha akamuuliza kazi iliyomleta.

"Nimekuja kuangalia ndege, Bibi."

"Wa kula?"

"Hapana, wa kuangalia tu. Ndiyo masomo yangu."

Bibi akanywa chai yake kidogo, akaiweka chini. "Na wazazi wako wanajua?"

"Wanajua, Bibi."

"Haya," Bibi akasema, lakini niliona amemhurumia, na siku ile alimwongezea viazi.

Ilikuwa majira yale ya mwisho wa kiangazi, milima ikiwa imeungua na kubaki na mabaka meusi, ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi, na watu wanatazama juu wakisubiri mvua. Nilikuwa nikirudi shule namkuta Dada Happiness amekaa kwenye gogo nyuma ya banda la kuku, uso ameuelekeza kwenye miwati. Nikakaa karibu naye. Hakunifukuza. Siku ya tatu au ya nne akanivalisha darubini, na nikaona tawi la mbali likinijia usoni hadi nikarudi nyuma.

Alinieleza kwamba kwenye miti ile kuna videge viwili vinavyofanana, na kwamba kazi yake ni kuvitofautisha. Alikiita kimoja mwenyeji na kingine mgeni. "Mwenyeji anaishi huku mwaka mzima, kwenye msitu ule wa juu, mara nyingine anashuka hadi hapa. Mgeni anatoka kaskazini, mbali sana, nchi ambazo sasa hivi baridi inaingia na majani yanapukutika. Wadudu wakiisha kule, anakuja kula huku."

"Anakuja na nini?"

"Na mabawa yake."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Kidege chenyewe kilikuwa kama jani. Alisema uzito wake ni kama vijiko viwili vidogo vya sukari.

Akanifundisha alama. Mwenyeji ana kofia ya kahawia kichwani na koo la njano kali. Mgeni hana kofia, njano yake imefifia, na juu ya jicho ana mstari mweupe mrefu kama nyusi iliyochorwa. Miguu ya mgeni ni ya rangi ya udongo mwepesi. Sauti zao pia mbalimbali, mgeni ndiye mwenye ile sauti ya kuuliza. Ukisikiliza hivyo unaona ni jambo jepesi, hata mtoto angeweza. Lakini ukienda chini ya miti, ukungu umefunga, ndege yuko juu kabisa, anaruka kabla hujamaliza kumwangalia, na jua likipenya kidogo linapaka kila kitu njano. Shingo inauma. Unaona tumbo, huoni kichwa. Ukiona kichwa, huoni miguu. Mara nyingi tulirudi ndani bila hakika ya chochote, nami nilishangaa kwamba mtu mzima anaweza kusema "sijui" jioni baada ya jioni na bado akala chakula chake kwa raha.

Palikuwa na mmoja aliyetusumbua kuliko wote. Alipenda mwati ulioinama juu ya banda la kuku, kwa hiyo tulimwona karibu kila siku. Njano yake ilikuwa kali mno kwa mgeni, kuanzia kooni hadi tumboni. Lakini kofia hakuwa nayo, na nyusi alikuwa nayo. Dada Happiness alisema ni mwenyeji. Kesho yake akasema ni mgeni. Keshokutwa akafuta kioo cha darubini kwa upindo wa shati, akaangalia tena, akasema, "Huyu sasa simwelewi," na akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyechoka.

Siku hiyo ndipo nilipomuuliza. "Dada, hao wageni wako safarini?"

"Ndiyo, wako safarini."

"Na wanarudi?"

"Wanarudi. Kila mwaka majira haya haya. Wengine wanarudi hadi kwenye mti ule ule."

Nikamwomba arudie, akarudia. Sikumwambia kwa nini. Ila kuanzia siku ile sikuwa tena namsindikiza Dada Happiness kwenye ndege wake. Nilikuwa na shughuli yangu mwenyewe chini ya ile miwati. Kama haya ndiyo majira ya walioko safari kurudi, basi ilinibidi nijue waliofika ni wageni kweli, si wenyeji waliojichanganya tu.

Ndiyo maana Bibi aliponiita jikoni jioni moja, akaniambia, "Seke, Jumamosi mama yako anakuja," sikushtuka.

"Najua," nikasema.

Bibi akageuka na mwiko mkononi. "Umejuaje?"

"Dada Happiness kaniambia."

Bibi alikuwa amemsimulia Dada Happiness habari zetu wiki ile ya kwanza, wakiwa wawili, mimi nikiwa shule. Hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule niliona tu mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. "Afadhali," akasema. "Nilikuwa sijui nianzie wapi. Afadhali umeshajua." Akanipa ukoko wa ugali, ambao kwa kawaida tuliugombea, akageukia moto wake. Sikuelewa kwa nini aanzie mahali popote. Mama anakuja. Kuna nini kingine cha kusema?

Jumamosi alikuja. Nilimwona tokea barabarani, begi begani na mkungu wa ndizi kichwani, ndizi za Tukuyu, anatembea akisimama kila baada ya muda kwa sababu kilima chetu kilikuwa kikali. Alitua mkungu uani, akapiga goti moja mbele ya Bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kamwene," Bibi akamsalimia Kihehe. "Pole na safari."

Safari. Nilisikia neno hilo kwa masikio yangu.

Kisha akanigeukia. Alinitazama kwa muda mrefu, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Akanivuta kifuani. Alinukia sabuni na kitambaa kipya.

"Msalimie mama yako," Bibi akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jamani, Sekela. Umekuwa hivi."

Mwanya alikuwa nao. Alipocheka kati ya machozi niliuona, mahali pake kabisa. Na sauti ilikuwa yenyewe. Nilifurahi hadi nikaenda kujificha nyuma ya banda la kuku nicheke vizuri.

Furaha ile ilikaa safi kwa siku mbili hivi. Baadaye mambo madogo yakaanza kunisumbua. Alikuwa akiniuliza ninachopenda kula, na mimi nilidhani mama anajua. Aliimba akifua, lakini aliimba maneno, Kinyakyusa, hakuguna. Alitaka kujua kama naogopa kulala peke yangu. Aliniambia kwamba yeye ni fundi cherehani, ana nyumba ya vyumba viwili Soweto huko Mbeya, na kwamba akiondoka angependa twende pamoja, kama nitakubali. Kama nitakubali. Sijawahi kusikia mama wa mtu yeyote pale kijijini akimwambia mwanawe kama utakubali.

Nikaanza kumwangalia kama nilivyofundishwa kuangalia. Nyusi, pua, jinsi anavyosimama, jinsi anavyoshika kikombe. Kila alama nilipoipata, ilikuwa inafaa na haifai. Nikataka kuona miguu. Lakini kwa ajili ya baridi alivaa soksi ndefu na gauni lililofika chini, mchana kutwa. Hatimaye nikamvizia akinawa miguu uani, amekunja gauni hadi magotini. Nikapita na ndoo ambayo haikuwa na maji. Nikapita tena. Miguu yote miwili ilikuwa safi. Hakuna kovu.

Nikaenda kwa Dada Happiness kwenye gogo.

"Dada, alama ya ndege inaweza kufutika?"

"Inaweza. Manyoya yanachakaa njiani, yanapauka. Kisha yanaota mapya, na anaonekana kama ndege mwingine."

"Kwa hiyo akisafiri sana anabadilika?"

"Anabadilika sana tu."

Nilipumua. Safari ndefu ilikuwa imempa ngozi mpya, basi. Lakini nikiwa najifariji hivyo nilijua pia, kwa namna mtoto anavyojua, kwamba ng'ombe wa jirani ana kovu la tangu zamani na halijawahi kwenda popote.

"Sasa mtu anajuaje?" nikauliza. "Kama rangi inadanganya, na sauti zinafanana?"

Dada Happiness alidhani naulizia yule wa kwenye mwati ulioinama. Akasema kosa lake yeye ni kwamba kila siku anauliza swali kubwa, huyu ni ndege gani, halafu anachanganyikiwa. "Inabidi niulize swali dogo. Mguu wake una rangi gani. Basi. Nikishapata hilo, naenda lingine."

Siku iliyofuata Mama alikuwa amekaa barazani akimenya njegere, karai mapajani, maganda yakianguka kwenye kitenge miguuni pake. Dada Happiness alikuwa pembeni kwenye ngazi akifunga kamba za mabuti. Bibi alikuwa ndani. Nikakaa, nikachukua njegere nikaanza kumenya na mimi. Nikachagua swali dogo kuliko yote niliyokuwa nayo.

"Mama, lile kovu lako la mguuni lilikwenda wapi?"

"Kovu gani?"

"La moto. Hapa." Nikamgusa muundi juu ya soksi.

Mikono yake ikasimama. Njegere moja ikamdondoka ikabingirika hadi ukutani.

"Hilo kovu lilikuwa la Ambwene," akasema polepole.

"Ambwene ni nani?"

Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga mahali alipodhani pana sakafu.

"Ambwene ni dada yangu, Sekela. Ni mama yako."

"Wewe si ndiye mama yangu?"

"Ni mimi pia. Mimi ni Atupele, mdogo wake. Mimi ni mama yako mdogo."

"Na yule mwingine?"

"Yule ndiye aliyekuzaa."

Nikafikiri. "Yupi kati yenu alikuwa safari?"

Aligeuza kichwa mlangoni akaita, "Mama! Hebu njoo huku." Bibi akatoka akifuta mikono. "Mama, mtoto hajaambiwa?"

"Ameambiwa," Bibi akasema. "Si ulisema umeambiwa na huyu binti?"

Wote wakamtazama Dada Happiness. Alikuwa ameshika kamba ya buti. "Mimi?" akasema. "Bibi, mimi nilimwambia habari za ndege."

Bibi alikaa chini kwenye ngazi. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa kwenye ngazi, alikuwa na kigoda chake. Macho yetu yakawa sawa. Akaniambia kwamba mama yangu alikwenda Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, kuwapikia chakula wachimbaji ili apate kunilea. Akaugua huko. Habari zilipofika yeye hakuweza kwenda, mimi nilikuwa mdogo na mvua zilikuwa zimeharibu barabara. Atupele ndiye aliyekwenda, akamzika.

"Nilikuwa nasubiri ukue," akasema.

"Sasa nimekua?"

"Sijui, mjukuu wangu. Sijui."

Watu husema walilia walipopata habari za namna hiyo. Mimi sikulia. Nilikuwa nimechanganyikiwa mno, hata kulia sikuweza. Yule niliyemngoja miaka yote alikuwa amekufa zamani, hata kabla sijajua kusoma, kwa hiyo nilikuwa nimemngoja mtu ambaye hayupo. Na yule niliyemwita mama wiki nzima alikuwa pale pale, hajaondoka, karai la njegere mapajani, machozi yanamtiririka. Nilikuwa nimempoteza mmoja na kumpata mmoja, au nilikuwa nimewapoteza wote wawili, au hapakuwa na kilichobadilika. Nilijaribu kujua ninachohisi, nikashindwa. Nilikumbuka ile sauti ya kuguna niliyoisikia kwa shavu, nikaogopa ghafla kwamba hata hiyo labda haikuwa ya mama, labda ilikuwa ya Bibi, labda ya mtu yeyote aliyewahi kunibeba. Nikaweka chini njegere zangu, nikaenda kwenye miwati.

Dada Happiness alinifuata baada ya muda. Alikaa kwenye gogo. Alionekana ameumia kuliko mimi. Juu yetu yule kidege alikuwa kwenye mwati wake, anachokonoa wadudu kwenye maua kama kawaida, njano yake ile ile isiyotaka kueleweka.

"Ni mgeni au mwenyeji?" nikauliza, kwa sababu lilikuwa swali pekee nililoweza kuliuliza.

"Nadhani nimemjua," akasema. "Nadhani ni mtoto. Watoto wa mgeni huwa na njano kali kuliko wazazi wao, safari yao ya kwanza. Ndiyo maana nilimchanganya na mwenyeji."

"Mama yake yuko wapi?"

Alinisogelea kwenye gogo. "Hawasafiri pamoja. Kila mmoja anakuja kivyake, hata watoto."

"Sasa nani anamwonyesha njia?"

"Hata sisi tunaosoma hatujui vizuri."

"Lakini una hakika ni mgeni?"

Akainua darubini, akatazama, akaishusha. "Hapana," akasema. "Siwezi kukuapia."

Aliondoka mwisho wa wiki ile na vitabu vyake. Mimi nilikaa siku kadhaa bila kumwita Atupele jina lolote. Nikitaka kitu nilisimama karibu naye hadi anione. Hakunilazimisha. Bibi alinikalisha akaniambia macho yake yanafifia, kuni anazifuata kwa kupapasa, na kwamba haninyimi nyumba yake, ila Mbeya kuna mtu mwenye nguvu za kunilea. Niseme mwenyewe. Nilikasirika kwamba watu walionificha jambo kubwa namna ile sasa wananitaka niamue jingine kubwa zaidi.

Nikaenda kwa Atupele uani. "Nataka kumwona," nikasema.

"Amefariki, Sekela."

"Nataka kuona alipo."

Aliacha kufua. "Tukienda Mbeya, nitakupeleka," akasema. Kwa ahadi hiyo nikakubali kuondoka. Asubuhi ya safari Bibi alinivalisha sweta alilolifuma mwenyewe, akanishika kichwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu, akanipapasa uso wote, paji, pua, kidevu, kisha akaniachia.

Atupele alitimiza ahadi kabla hata sijaanza shule huko Mbeya. Tulipanda mlima juu ya Mbeya kwa gari la Chunya, baridi kama ya Kilolo, kisha tukateremka upande wa pili hadi kwenye joto na miti mikavu ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Makongolosi ilikuwa vumbi na mashine za kusagia mawe zinazonguruma pande zote. Nililivua sweta nikalifunga kiunoni. Atupele alitembea mbele, haraka, akikata vichochoro kama anayepajua, hadi tukatoka mwisho wa nyumba, kwenye uwanda wa makaburi.

Yalikuwa matuta ya udongo mweupe, mengi, mengine yana msalaba, mengi hayana. Wengi waliolala pale walikuwa watu waliotoka mbali. Atupele akapunguza mwendo. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Palikuwa na mninga," akasema. "Nilisimama chini yake."

Mninga haukuwepo. Kulikuwa na visiki, na mabaki ya tanuri la mkaa. Akaenda kwenye kisiki kimoja, akageuka, akaenda kwenye kingine. Akanyoosha mkono kama anayepima. Hatimaye akasimama mbele ya makaburi mawili yaliyokuwa sambamba, yote yamezungushiwa mawe, yote hayana msalaba.

"Ni moja ya haya. La huku. Hapana." Akashika kichwa. "Tuliweka msalaba wa mbao. Mchwa watakuwa wameula."

Nikafanya nilichojua kufanya. Nikachuchumaa nikatazama. Mawe ya la kwanza yalikuwa meupe, na ya la pili yalikuwa meupe. Urefu ulikuwa mmoja. Yote yalielekea upande mmoja.

"Alikuwa mrefu?" nikauliza.

"Kama mimi." Akajifunika uso kwa kanga. "Sekela, sijui. Siku ile nilikuwa nalia, sikuangalia. Nimekuleta mbali kote huku na sijui."

Nilimtazama akilia mbele ya yale makaburi mawili. Nilikuwa nimemchunguza wiki zote zile, uso na sauti na miguu, na sasa ndiyo mara ya kwanza nilimwona bila kutafuta alama yoyote. Alikuwa mtu aliyempoteza dada yake na hajui pa kumlilia. Majani yalikuwa yameota kwenye udongo wa makaburi yote mawili. Nikaanza kuyang'oa kwenye kaburi la kushoto. Baada ya muda akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti kwenye la kulia, akang'oa na yeye. Tulifanya kazi, jua linatuchoma, hadi yote mawili yakawa safi, tukayarudishia mawe yaliyokuwa yamebingirika. Akaomba kwa Kinyakyusa. Nilitambua majina mawili tu, Ambwene na langu.

Tulipotaka kuondoka nikasita.

"Mama," nikasema, "na huyu mwingine, ambaye si yeye, tumwambie nini?"

Akafikiri, akafuta vumbi usoni.

"Msalimie tu. Atakuwa mtu mzima."

Nikapiga magoti katikati ya yale makaburi mawili, nikasema shikamoo upande huu, kisha nikageuka nikasema shikamoo upande ule.